Sufuria Rekodi na Msichana Asiyekuwepo

Mlango ukafunguka, na msichana aliyesimama pale akasema, "Mimi ndiye yule anayeimba kwenye kanda."

Tuliachia hapo Jumamosi iliyopita, na najua kuna watu hawakulala vizuri. Mama mmoja wa Githongo ameandika barua akitaka aambiwe mara moja kama huyo msichana ni jini.

Hapana, mama. Si jini. Anaitwa Purity, ni msusi wa nywele kutoka Runyenjes, na hajawahi kuimba kwenye kanda yoyote tangu azaliwe.

Waliokuwa ndani ya kile chumba cha nyuma ya jukwaa walilijua hilo vizuri sana. Karwirwa alijua, kwa sababu kanda ni yake: yeye ndiye mwenye Sufuria Rekodi, kibanda cha mabati pale Makutano, Meru, chenye redio kaseti mbili na sifa kubwa kuliko mlango wake. Mwirigi mpiga ngoma alijua. Njura, fundi wa redio ambaye pia ndiye mpiga besi, alijua. Na aliyejua kuliko wote alikuwa ameketi juu ya spika iliyokufa, gitaa magotini, akikuna ndevu.

Huyo ni Muthomi. Msichana wa kwenye kanda ni yeye.

Kwa aliyejiunga nasi leo, nitasema haraka. Mwezi wa pili mwaka huo wa tisini na sita, walikwenda kurekodi ndani ya kiwanda cha kahawa kule Githongo. Msimu ulikuwa umeisha, mashine zimelala, na zile kuta zinarudisha sauti vizuri. Stima ikapotea. Njura akafungua betri ya lori la kubeba ng'ombe la kutoka Ruiri, lori ambalo kila asubuhi lilisukumwa na watu sita, akaiunganisha na mashine ya kurekodi.

Betri ilikuwa inakufa. Utepe ukawa unatambaa. Walipousikiliza wimbo palepale, kwa betri ileile, kila kitu kilikuwa sawa. Karwirwa alipofika Makutano na kuitia kanda kwenye redio inayokula stima ya kweli, ule wimbo wa taratibu wa Muthomi ukaruka kama kuku aliyeona mwewe. Ngoma mbio, gitaa linakwaruza, na sauti ya mwanamume wa miaka ishirini na tisa imekuwa sauti nyembamba ya msichana mwenye hasira. Tena kadiri betri ilivyozidi kufa Githongo, ndivyo wimbo ulivyozidi kukimbia Makutano. Mwisho wake hata maneno hayakushikika.

Karwirwa alitaka kuifuta. Dereva wa lori la viazi aliyekuwa amesimama nje akamwambia akiifuta watagombana.

Kufikia mwezi wa nane kanda ilikuwa inalia kutoka Maua hadi Kiritiri, na kila mtu alikuwa na habari zake juu ya huyo msichana. Wengine walisema amefukuzwa shule. Wengine walisema ni binti wa chifu, ameimba akiwa amefungiwa chumbani. Kuna mtu aliapa amemwona Chuka akichagua viatu.

Na leo, Jumamosi saa nane mchana, ukumbi wa mabati nyuma ya soko la Embu ulikuwa umejaa hadi madirishani. Watu mia sita, wote wamekuja kumwona.

Vincent alimsukuma Purity ndani kwa adabu, akaufunga mlango kwa kisigino. Huyu Vincent ndiye mwenye spika, ndiye aliyekodi ukumbi, na ndiye aliyebandika karatasi mji mzima: NJOONI MUMWONE MSICHANA WA SUFURIA. Alivaa suti ya rangi ya maziwa, na alikuwa na tabia ya kuongea polepole kama mtu anayemsomea mtoto.

"Mwari wetu," akamwambia Karwirwa, "usinikasirikie. Nimekuondolea shida."

"Sikukuambia nina shida."

"Huna? Basi toka nje uwaambie hao watu msichana wao ana ndevu."

Mwirigi akacheka, akaona hakuna mwingine anayecheka, akageuza kicheko kikawa kikohozi.

"Mambo ni rahisi," Vincent akaendelea. "Kanda inachezwa kwenye mashine yangu. Purity anashika maiki, anachezesha mdomo. Hawa vijana wanasimama nyuma na vyombo, hakuna waya. Dakika kumi. Watu wanapiga mayowe, wanaenda nyumbani, na Jumatatu Sufuria Rekodi ni jina kubwa."

"Na nikikataa?"

"Nitapanda mimi mwenyewe niwaambie mmewadanganya. Halafu tuone ni duka gani litashika kanda yako, hapa Embu ama kule kwenu. Utabaki kuuza betri za tochi."

Hapo hakuwa anatisha bure. Vincent akisema kanda fulani isishikwe, haishikwi.

Na Karwirwa hakuwa na kitu kingine. Aliacha ukarani kwenye chama cha ushirika kwa ajili ya kile kibanda. Aliachana na mchumba aliyesema magitaa ni ya walevi. Alimchukulia mamake sufuria ya kupikia githeri, ikawa ngoma ya kwanza, na ndiyo iliyolipatia duka jina. Sufuria Rekodi ikifa leo, anarudi kwa mamake na hata sufuria hana.

"Dada, mimi sikujua hakuna msichana," Purity akasema. "Niliambiwa mwimbaji ameshikwa na homa, niseme mimi ndiye, leo tu. Nimejifunza huo wimbo wiki tatu. Wateja wangu wanatoka saluni wameushika wote."

Muthomi akamwangalia kwa mara ya kwanza. "Kwa hivyo unauimba."

"Nauchezea mdomo. Kuimba hakuna mtu ameniambia."

"Na unajua ni wimbo wa nini?"

"Wa mtu ako na hasira."

"Ni wa mtu amechoka." Muthomi akasimama, gitaa likining'inia. "Nilimaliza chuo cha ualimu, sasa ni miaka minne. Miaka minne nakaa kwenye benchi ya ofisi ya elimu nikingoja barua ya kupangiwa shule. Ile benchi inanijua kuliko mamangu. Niliandika wimbo wa hiyo benchi. Mtu amechoka hakimbii, dada. Hata akiitwa chakula anaenda polepole."

"Lakini watu wanaupenda ukikimbia," Purity akasema, bila ubaya.

"Watu hawajawahi kuusikia."

Njura muda wote huo alikuwa akitafuna majani yake ya muguka kama mtu anayengojea mvua ipite. Sasa akatema kando. "Mwenye duka ni Karwirwa. Aseme."

Wote wakamgeukia.

Karwirwa alimtazama Vincent, akamtazama Purity na koti lake jipya la ngozi ambalo bila shaka lilikuwa la Vincent. Akajua kitu ambacho Vincent hakukisema. Purity akipanda leo, kesho sauti ni ya Purity, na Purity ni wa Vincent. Kitakachobaki Makutano ni mabati.

"Muthomi," akasema. "Utaimba?"

"Kwa mwendo wangu. Vile niliuandika, mwanzo mpaka mwisho. Hiyo mashine imeniimbia ya kutosha."

"Buda, hao watu watatuua," Mwirigi akasema.

"Basi tufe polepole."

Karwirwa akaushika mkono wa Muthomi kwa mikono yake miwili. "Mwendo wako. Nimesema mbele ya Mwirigi, nimesema mbele ya Njura. Hakuna mtu atakukimbiza."

Shikeni maneno hayo.

Vincent hakukasirika. Alitikisa kola yake, akatabasamu. "Nakupa wimbo mmoja, madam. Mashine yangu iko pale kando ya jukwaa, kanda iko ndani, kidole changu kiko juu ya kitufe. Wakianza kurusha vitu, nabonyeza na Purity anapanda."

Nje watu walikuwa wanapiga miguu. Vumbi lilikuwa linashuka kutoka kwenye mabati.

Karwirwa alipanda jukwaani peke yake, na kelele zilizompokea zilikuwa za furaha, kwa sababu waliokuwa nyuma walidhani ndiye msichana. Walio mbele wakaona ni mwanamke mwenye sweta ya kijani na kalamu nyweleni, wakanyamaza.

"Habari zenu, watu wa Embu."

"Mzuri. Tunataka msichana."

"Msichana hayuko."

Zile sauti zilikatika kama redio iliyochomolewa.

"Hajawahi kuwako," Karwirwa akasema, na maiki ikampigia mluzi. "Ile sauti mnayosikia kwenye kanda ni ya mwanamume. Tulirekodi kwa betri mbovu. Betri ilikuwa inakufa, mashine ikaenda polepole, kwa hivyo mkiicheza kwenye redio yenu inakimbia. Miezi sita yote mmekuwa mkipenda betri ya lori la ng'ombe."

Kisha mzee mmoja aliyekuwa na mwavuli dirishani akasema kwa sauti ya kutosha, "Hawa Wameru hata betri yao ina hasira."

Kicheko kikapita ukumbi mzima, mbele hadi nyuma. Karwirwa akacheka nao. Alifikiri ameshinda.

"Mwimbaji mwenyewe ndiye huyu. Anaitwa Muthomi."

Muthomi akatokea. Msichana mmoja wa shule, sketi ya kijivu, akashika mashavu. "Ghai, ako na ndevu."

"Mnyoe aimbe," akajibu mwenzake, na kicheko kingine kikapita, lakini hiki kilikuwa na meno.

Wakaanza.

Na niwaambie ukweli, ulikuwa wimbo mzuri. Hilo lazima lisemwe kabla ya yale yaliyofuata. Mwirigi alikuwa anaigusa ngoma kama mtu anayepiga hodi kwa jirani mgonjwa. Besi ya Njura ilitembea chini yake bila haraka. Muthomi alifunga macho, akaimba kwa sauti yake ya kweli, nzito, yenye mikwaruzo kidogo:

*Nimekaa, nimekaa, benchi imenizoea.
Makarani wamebadilika, mimi bado ni yule.*

Pale mlangoni mama mmoja wa kuuza mahindi ya kuchemsha alisimama, mkono ndani ya kikapu, akasahau kutoa hindi. Karwirwa alimwona. Alimkumbuka baadaye, mara nyingi kuliko alivyotaka.

Lakini mama huyo alikuwa mmoja, na watu walikuwa mia sita.

Ubeti wa pili ulipoanza, mtu akapiga mwayo wa makusudi, mrefu, na wengine wakaudaka. "Mwalimu, tutafika lini?" akauliza mmoja. "Hii ni ya matanga," akasema mwingine. Gunzi la hindi likaruka kutoka nyuma, likagonga ngoma. Mwirigi akakosa pigo moja, akalirudia.

Muthomi hakufungua macho.

Kisha kijana mmoja aliyekuwa ameshikilia nguzo akapaza sauti. "Punguza betri."

Watu wakacheka, na wakalipenda hilo neno. "Punguza betri," wakasema kumi. "Punguza betri," wakasema mia. Wakaanza kulipigia makofi. Pu-ngu-za betri. Pu-ngu-za betri. Wale wasichana wa sketi za kijivu walikuwa wamesimama juu ya mabenchi. Gunzi la pili likaja, la tatu likampata Njura begani, naye akalitazama chini bila kuacha kupiga.

Kando ya jukwaa, Vincent alimshika Purity kiwiko. Kidole chake kilishuka kikagusa kitufe. Alimtazama Karwirwa, akainua nyusi kama mtu anayeuliza aongeze sukari.

Karwirwa alikuwa na muda wa kuhesabu hadi tano, labda sita.

Angeweza kumwacha Muthomi amalize. Hilo ndilo aliloahidi. Wangerushiwa magunzi hadi mwisho, Vincent angebonyeza, Purity angepanda, na Muthomi angeshuka akiwa ameimba wimbo wake kwa mwendo wake mara moja maishani mwake mbele ya watu. Sufuria Rekodi ingekuwa imekufa, lakini ingekufa na neno lake.

Alizunguka nyuma ya spika, akainama kwenye sikio la Mwirigi, akaweka mkono begani mwake.

"Kimbia."

Mwirigi akageuza macho, si kichwa. "Tulimwahidi—"

"Mwirigi, kimbia."

"Na Muthomi?"

"Atafuata."

Mwirigi akavuta pumzi kama mtu anayeingia mto baridi, akakimbia.

Zile fimbo hazikuonekana tena. Sufuria ya githeri, ambayo bado ilikuwa imefungwa kwa waya kando ya ngoma kubwa, ikalia kama mvua ya mawe juu ya bati. Njura akatema muguka wote, akamfuata.

Muthomi akafungua macho. Akageuza shingo. Akamwona Mwirigi ameinama kama mwendesha baiskeli, akaona na ule mkono juu ya bega lake, na mwenye mkono. Alimtazama Karwirwa kwa muda wa mapigo manne hivi. Hakuna chochote usoni mwake kilichosogea.

Mtu aliyesimama mbele ya watu mia sita huku ngoma inamkimbilia mgongoni hana mengi ya kuchagua. Muthomi akageuka mbele, akapiga gitaa kwa ngumi, na akakimbia.

Sasa, mashine ya betri mbovu ilikuwa inaipandisha sauti yake juu, ikawa nyembamba. Koo la mtu halifanyi hivyo. Koo la Muthomi lilipolazimishwa kupita mbio mle lilimokuwa limezoea kutembea, lilipasuka. Kilichotoka hakikuwa sauti ya msichana, wala hakikuwa kuimba. Kilikuwa kilio cha miaka minne kikitoka chote kwa dakika tatu, benchi, makarani, barua isiyofika, vyote vimebanwa pamoja.

*Nimechoka kungoja, nimechoka kungoja, nimechoka.*

Kisha wale wasichana wa mabenchini wakaingia. Wao walikuwa wanaijua ile sauti ya juu, wameiimba jikoni na mtoni miezi sita. Msichana aliyekuwa hayuko akatokea, na alikuwa wasichana themanini kwa mpigo mmoja. Wavulana wakaanza kuruka wamesimama mahali pamoja, bega kwa bega, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kuchezea. Mabati yakaanza kujibu.

Vincent akabonyeza kitufe. Alibonyeza, baadaye hakukana. Hakuna aliyesikia. Kanda yake ilizunguka peke yake mle ndani ya mashine, na nasikia hata ilikuwa imebaki nyuma: walio jukwaani walikuwa wanakwenda kasi kuliko betri.

Alipogeuka kumsukuma Purity apande, Purity hakuwa mkononi mwake. Alikuwa amevua koti la ngozi, akaliacha juu ya mashine, na yeye yuko juu ya kreti la soda, kichwa nyuma, mdomo wazi. Hakuwa anachezesha mdomo.

Wakaurudia wimbo. Wakaurudia tena. Nyuzi mbili za gitaa zilikatika. Mzee wa mwavuli alipoteza mwavuli. Mara ya nne Muthomi hakuwa na maneno tena, alikuwa anafungua mdomo tu na ukumbi ndio unaomwimbia, na walipomaliza, watu walitazamana kama majirani waliokutana kwenye moto.

Kisha wakalipuka kwa makofi.

Karwirwa akanyakua maiki. Jasho lilikuwa linamwingia machoni, na alikuwa na furaha ambayo hajawahi kuwa nayo. Ndiyo maana alisema alichosema.

"Kesho Jumapili saa nane. Makutano, kwenye uwanja nyuma ya stendi. Hawa hawa. Leteni ndugu zenu wa Meru wote."

Hakumwuliza mtu. Kelele za "tunakuja" zilikuwa bado hazijaisha, na Muthomi alikuwa ameshashuka upande wa pili.

Vincent alimngojea chini ya ngazi za jukwaa. Koti la ngozi lilikuwa mkononi mwake. Karwirwa alijiandaa kwa matusi.

"Umeshinda," Vincent akasema. "Kanda zako nitashika mimi mwenyewe, zote utakazoleta. Mimi si mtu wa kinyongo."

"Asante, Bwana Vincent."

"Usinishukuru. Nilikuona." Akashusha sauti, ikawa karibu ya upole. "Pale nyuma, kwenye sikio la mpiga ngoma. Kijana alikuwa amepewa neno lako, si ndiyo? Wala sikulaumu. Mimi pia ningefanya hivyo hivyo." Akamshika bega, palepale alipokuwa amemshika Mwirigi. "Karibu kwenye biashara."

Akaondoka akikung'uta suti yake.

Karwirwa alisimama hapo. Watu walikuwa wanampita, wanampiga mgongoni, mtu akamtia hindi la moto mkononi. Aliwaambia asante wote. Aliuliza watatu kama wamemwona Muthomi. Wa tatu akaonyesha kwa kidevu.

Pikapu ya Njura ilikuwa imeegeshwa kwenye kivuli cha ukuta wa soko, nyeupe, ingawa kwa vumbi la barabara ya Siakago hungejua. Mwirigi na Njura walikuwa wanapakia ngoma, wamegeuza migongo. Muthomi alikuwa amesimama mbele ya boneti. Gitaa halikuwa naye. Alikuwa ameliacha kwenye ngazi za nyuma, Karwirwa alilipita na hakulifikiria.

"Muthomi," akasema. "Umewasikia? Umewasikia vile walivyo—"

Muthomi akageuka. Akafungua mdomo kumjibu, na hakuna kilichotoka. Hata mnong'ono. Upepo tu, kama tairi linalotoboka polepole. Akajigusa koo. Akajaribu tena, na mishipa ya shingo ikasimama, na bado hakuna.

"Umekauka tu," Karwirwa akasema haraka. "Tutakutafutia tangawizi. Tutakuchemshia maji. Kesho asubuhi itakuwa imerudi."

Muthomi alimtazama kama alivyomtazama jukwaani, yale mapigo manne. Kisha akainama juu ya boneti na kwa kidole akaandika kwenye vumbi, herufi kubwa, nadhifu, herufi za mwalimu.

NAACHA.

Karwirwa alisoma. Alisoma mara ya pili kana kwamba lingebadilika.

"Nilitaka kuokoa duka," akasema. "Ulitaka nifanye nini? Niambie. Wangetuzika pale."

Muthomi hakuwa na sauti ya kumwambia, na hata angekuwa nayo, sidhani angeitumia. Alishusha mkono.

Ndipo wakasikia miguu. Purity alikuwa anakuja anakimbia, viatu mkononi, nywele zimefumuka upande mmoja, na nyuma yake, wakipinda kona ya soko, wale wasichana wa sketi za kijivu na wavulana na nusu ya ukumbi, wote wanaimba, wanakuja kuisindikiza pikapu.

"Dada Karwirwa," Purity akasema, akihema na kucheka. "Vincent ameniambia nitafute njia yangu. Nipeni nafasi huko nyuma, nitakaa hata juu ya ngoma. Kesho naweza kuwashikia zile sauti za juu. Nimeimba, mliniona? Nimeimba kweli." Akamgeukia Muthomi, akamwinamia kama mtu anavyomwinamia mwalimu wake. "Na wewe, Mungu wangu. Nikikusikia kesho tena nitakufa."

Muthomi akamwitikia kwa kichwa, kwa heshima, akasogea kando.

Purity akaona kidole chenye vumbi. Akanyoosha shingo kuelekea boneti. "Ameandika nini?"

Umati ulikuwa umebakisha hatua ishirini. Mwirigi alikuwa ameacha kupakia, anatazama. Njura anatazama.

Karwirwa akaweka kiganja juu ya boneti, akakivuta taratibu kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho.

"Sauti imemkauka kidogo," akasema. "Anauliza kesho tunaanza saa ngapi."